Jina Moja kwenye Karatasi ya Bi Nakijwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana minara ya simu ilikuwa imeshapanda mpaka vileleni, aliishi mwanamke mmoja kwenye mteremko wa milima ya Upare, jina lake Bi Nakijwa. Sogeeni mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe sitaumaliza mimi. Nitawaachia nyinyi.

Bi Nakijwa alikuwa mpiga chapa wa mahakama ya wilaya kwa miaka thelathini na mmoja. Hukumu, viapo, wosia, talaka, ugomvi wa mipaka ya mashamba, vyote vilipita vidoleni mwake. Na alikuwa mtu wa kuuliza. Akishapiga chapa kesi ya mbuzi wa kuibwa, wakati wa chai utamkuta anamfuata karani. "Na yule mbuzi mwenyewe yuko wapi sasa?" Wenzake wakicheka. Yeye hakuwa anatania. Alitaka kujua mbuzi yuko wapi.

Aliolewa na Mzee Kajiru, wakapata watoto wawili. Wa kwanza Eliamani, mwalimu wa hesabu huko Tabora. Wa pili Namsifu, msimamizi wa ghala la nafaka huko Dodoma. Nyumbani alikuwapo pia Nanzia, dada yake Mzee Kajiru, mjane asiye na mtoto. Bi Nakijwa na wifi yake huyo walielewana kwa namna yao: mmoja akisema maneno kumi, mwenzake anarudisha moja, na makande yanaiva.

Siku moja Mzee Kajiru akaanguka kwenye shamba la tangawizi. Kiharusi. Akapelekwa hospitali, akatiwa mpira wa chakula puani na mpira wa pumzi kooni, akalala hivyo wiki saba. Watoto wakagombana koridoni. Huyu anasema baba asingetaka haya. Huyu anasema baba angetaka kupigana mpaka mwisho. Kila mmoja anaapa kwamba ndiye anayemjua baba. Na baba, mwenye jibu, yuko pale pale nyuma ya mlango, hawezi kulitoa. Wiki ya nane mashine ya kupumulia ikazimwa, Mzee Kajiru akaenda zake.

Matanga yalipokwisha, Bi Nakijwa akamuuliza wifi yake jikoni, "Hivi Kajiru mwenyewe alitaka nini?"

"Hakusema," akajibu Nanzia.

"Basi mimi nitasema."

Akavaa viatu vyake vya kazini, akashuka mjini kwa wakili.

Wakili Mfinanga alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani mikubwa na ofisi ndogo. Akatoa karatasi, akashika kalamu. "Ni wosia wa mali, mama?"

"Mali ina watu wengi wa kuisemea. Mimi nataka wosia wa mwili wangu, wakati bado nimo ndani yake."

Wakili akaiweka kalamu chini. Akamwambia ukweli, kwamba karatasi ya namna hiyo haitamfunga daktari kama pingu. Lakini daktari mwenye kujali ataisoma, na ndugu wakigombana, hakimu naye ataisoma. Kisha akamuuliza, "Unaogopa nini hasa, mama? Kufa?"

"Kufa siogopi. Naogopa kukwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na watu wamenishika nguo, wengine huku, wengine huku."

Wakaandika, wakafuta, wakaandika tena. Mwisho ikasomeka hivi: "Nikishindwa kupumua kwa nguvu zangu, na nisiwatambue wanangu, na daktari akaona matumaini ni madogo, nisiwekwe kwenye mashine ya kupumulia. Nikiwa nimeshawekwa, nitolewe. Nipewe dawa ya maumivu, niogeshwe, nishikwe mkono. Wa kunisemea ni mwanangu Eliamani."

Wakili akaisoma tena, akagusa mstari mmoja kwa kidole. "Matumaini madogo. Madogo kiasi gani?"

Bi Nakijwa akacheka. "Eliamani ni mwalimu wa hesabu. Atapima."

Mashahidi wakatia sahihi, mhuri ukagongwa. Nakala moja ikabaki kwa wakili, moja akapewa Eliamani, moja akapewa Nanzia, ambaye aliikunja na kuiweka ndani ya kibeti chake. Krismasi watoto walipokuja nyumbani, mama akawasomea baada ya chakula. Eliamani alisikiliza ameinamisha kichwa. Namsifu hakufika hata nusu. Aliinuka na sahani mkononi.

"Mama, unajichuria kifo."

"Nasema ninachotaka, mwanangu. Kaa usikie."

Hakukaa. Akaenda kuosha vyombo, na siku hiyo vyombo vilioshwa kwa kelele.

Ikapita miaka miwili. Zikaja mvua kubwa, na baridi yake ile inayoingia mpaka kwenye mifupa ya miguu. Bi Nakijwa, wakati huo ana miaka sabini na mmoja, akaanza kukohoa. Akanywa tangawizi, akajipaka mafuta, kifua kikakaza. Homa ikapanda. Jumatatu asubuhi Nanzia akamkuta amekaa kitandani anazungumza na Mzee Kajiru kuhusu bomba la maji. Majirani wakambeba mpaka kwenye gari, gari likashuka mlima.

Mawe ya barabara ndiyo kitu cha mwisho alichokikumbuka.

Alipofumbua macho, aliona dari nyeupe na taa ndefu. Akamwona muuguzi anadondosha sinia kwa mshtuko. Ilikuwa Jumanne, lakini Jumanne ya wiki iliyofuata. Siku tisa zilikuwa zimepita bila yeye.

Kwa mtu mwingine, kuamka kungetosha. Angesema asante Mungu, angeomba uji. Bi Nakijwa naye alimshukuru Mungu, na uji aliuomba. Lakini sauti iliporudi, wiki moja baadaye, sauti ya kukwaruza kama mlango wenye kutu, swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa hili:

"Nilikuwa na karatasi. Ilikuwaje nikawekwa mashine?"

Daktari Mwasha, mama wa makamo mwenye mwendo wa polepole, akavuta kiti. "Uliletwa na wifi yako. Mapafu yote mawili yamejaa, huongei, humjui mtu. Nikamuuliza, mgonjwa aliwahi kusema au kuandika lolote kuhusu mashine? Akaniambia hajui. Kwa hiyo nikakuweka. Sikuwa na sababu ya kutokuweka."

"Akasema hajui?"

"Ndivyo alivyosema."

Bi Nakijwa akauliza, "Na matumaini yalikuwa kiasi gani?"

"Niliwaambia hivi: kati ya wagonjwa kumi wa hali yako, wawili huamka. Na hao wawili, mmoja wao huenda asirudi kuwa yule aliyekuwa."

"Na mimi ni yupi kati ya hao wawili?"

Daktari akatabasamu. "Wewe unauliza maswali, mama. Nafikiri umerudi."

Alikuwa amerudi, lakini si mwili wote. Mguu wa kulia aliukokota. Mkono wa kulia ulitetemeka, hauwezi kufunga kifungo. Kuoga ilikuwa lazima aogeshwe. Akarudishwa nyumbani, akalazwa chumba cha mbele chenye dirisha, na watoto wote wawili wakaomba ruhusa kazini wakabaki. Na ndani ya nyumba hiyo watu wanne walikuwa wanapitana kama wageni. Eliamani akiingia sebuleni, Namsifu anatoka. Namsifu akiingia jikoni, Nanzia anakumbuka kuni. Bi Nakijwa akawa anawatazama, akili yake inafanya kazi. Kuna jambo lilitokea kwenye siku zangu tisa, akajiambia, na jambo hilo ni langu.

Akaanza na wifi yake. Nanzia alikuwa anamkanda mguu kwa maji ya moto.

"Wifi, karatasi yangu ilikuwa wapi siku ile?"

Nanzia hakuacha kukanda. "Kwenye kibeti."

"Na kibeti kilikuwa wapi?"

"Begani."

"Na daktari alipokuuliza?"

"Nikasema sijui."

"Ulimdanganya."

"Nilimdanganya." Akakamua kitambaa, akakiweka tena. Na siku hiyo, mwanamke yule wa neno moja akasema mengi kuliko yote ambayo Bi Nakijwa aliwahi kumsikia akisema. "Wifi, mimi si mtoto wako. Ningeitoa karatasi ile, ungekufa mchana ule ule, watoto wako barabarani, na aliyekuua ni mimi. Nikasema moyoni, ngoja waje. Wakija, wenyewe watasema. Sikuiharibu karatasi. Sikuichana. Niliipa usingizi kidogo. Wewe uliandika ushikwe mkono. Nani angekushika siku ile zaidi yangu? Nilitaka wakukute una joto."

"Na kama ningekuwa nasikia maumivu siku zile mbili tatu?"

Nanzia akachovya kitambaa kwenye maji. Baadaye akasema, "Nililiwaza hilo. Nililiwaza kila saa."

Eliamani hakungoja kuulizwa. Kesho yake asubuhi aliingia na kikombe cha chai, akakiweka mezani, akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mtu wa miaka arobaini na tisa, mvi zimeanza.

"Mama, kuna jambo lazima ulisikie kwangu."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitalisema." Akashika ukingo wa kitanda. "Nilifika Jumatano mchana. Nilikuwa na karatasi yako. Nikampa daktari. Nikamwambia, mama yangu alitaka aondolewe kwenye mashine. Akanieleza, wawili kwa kumi. Nikamwambia aliandika matumaini madogo, na wawili kwa kumi ni madogo. Wakapanga Alhamisi saa kumi alasiri, ili Namsifu awahi kukuaga. Nikatia sahihi."

Bi Nakijwa akamtazama usoni. "Ulisita?"

"Hapana. Nilipotoka nje ndipo nilipoisoma karatasi tena."

"Kwa nini ulitia sahihi?"

"Kwa sababu ulinichagua mimi." Akauachia ukingo wa kitanda. "Kwa baba mimi ndiye niliyeng'ang'ania wiki saba. Nilisema baba atapigana. Hakuwa anapigana, mama, nilikuwa napigana mimi, na kwa mwili wake. Halafu wewe ukaandika kwa mkono wako, ukanisomea, ukaniuliza, utaweza? Nikasema nitaweza. Sasa ningefanyaje? Ningesema nilimwahidi akiwa mzima, lakini sasa hawezi kunisikia, basi ahadi imekwisha?"

Mama akanyoosha mkono ule unaotetemeka, akakosa kiwiko chake, akakipata. Akamwambia anywe yeye hiyo chai. Eliamani akakaa, akainywa, machozi yakiingia kikombeni, na mama akamwacha alie.

Alibaki Namsifu, na Namsifu hakusemeka. Ukimuuliza juu ya zile siku, anakumbuka nguo za kuanua. Kwa hiyo Bi Nakijwa akafanya alichokijua. Akampigia simu karani wa mahakama, rafiki yake wa zamani, akamwambia, "Nasikia nina kesi. Niletee nakala ya jalada."

Karani akapanda nalo Jumamosi. Na Bi Nakijwa, aliyepiga chapa kesi za watu miaka thelathini na mmoja, akavaa miwani akasoma ya kwake. Maombi ya dharura. Mwombaji, Namsifu Kajiru. Mjibu maombi, Eliamani Kajiru. Kwenye ukurasa wa pili jina lake mwenyewe lilikosewa, limeandikwa Nakajwa. Akaomba penseli akalisahihisha. Kisha akasoma kiapo cha mwanawe.

Alijua sasa. Namsifu alifika Alhamisi asubuhi, akaingia wodini, akamshika mama mkono, mama hakumjua. Akatoka bila kumsalimu kaka yake, akaenda moja kwa moja mahakamani, hana wakili, karani akamsaidia kujaza fomu. Hakimu akamsikiliza saa nane mchana. Saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya wakati uliopangwa, Namsifu alikuwa mlangoni mwa wodi na amri mkononi: mashine isiguswe kwa siku saba, mpaka pande zote zisikilizwe. Siku ya sita ya amri ile, muuguzi akadondosha sinia.

Bi Nakijwa akamwita binti yake. Akaliweka jalada juu ya blanketi, kati yao.

"Umeapa hapa kwamba mimi sikujua nilichokiandika."

"Ulijua ulichokiandika," akasema Namsifu. "Hukujua utakachokitaka. Aliyeandika alikuwa amekaa kwenye kiti kwa wakili, amekunywa chai, hana homa. Aliyelala pale alikuwa mtu mwingine, na yeye hakuna aliyemuuliza."

"Kwa hiyo ukamjibia wewe."

"Nikamwombea muda. Siku saba tu, mama. Sikuomba mwaka."

"Na usingeniona nimeamka siku ya saba, ungesemaje?"

Namsifu akageuka dirishani. "Ningeomba saba nyingine."

"Na nyingine?"

"Na nyingine." Akarudi, akakaa kitandani kwa kishindo. "Unajua nani alisema yatosha kwa baba? Kaka alikataa kabisa. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia daktari zima. Baba akakata pumzi nikiwa nimesimama pale, hata saa nzima haikufika, na kabla hajakata alifumbua macho akanitazama. Daktari alisema ni mishipa tu, hakuna kitu. Mimi nilimwona. Tangu siku ile najiuliza, je, alikuwa anaamka? Sijawahi kumwambia mtu. Kwa hiyo andika karatasi, andika mia. Mimi sisemi tena yatosha. Na uko hai! Unanigombeza! Nani amefanya kosa hapa?"

Miaka yote ile Bi Nakijwa hakujua kwamba binti yake alikuwa amebeba macho ya Kajiru. Akamvuta kichwa, akakilaza mapajani, kama wakati wa kusukwa nywele.

Sasa mtauliza, na yeye mwenyewe je? Alifurahi kuwa hai, au hakufurahi?

Nitawaambia alivyomwambia Wakili Mfinanga, kwa maneno yake. Alisema kuna asubuhi anafunguliwa dirisha, ukungu unapanda kutoka bondeni, Nanzia anamletea chai ya tangawizi, mjukuu anapiga simu kutoka Tabora kumsomea matokeo ya mtihani, na anaona angekosa haya kwa ujinga wa mstari mmoja. Na kuna asubuhi anageuzwa kitandani kama gunia, anafutwa na binti yake mwenyewe, na linamjia jambo ambalo hakumwambia mtoto hata mmoja: kwamba katika zile siku tisa kuna wakati alikuwa anasikia. Si siku zote. Alisikia mpira kooni, akataka kuung'oa, mikono ikakataa. Alisikia sauti zinasema juu yake, akataka kusema nipo, na hakujua kama alitaka kusema nipo, niacheni, au nipo, nisubirini.

"Nimejaribu kukumbuka ni ipi," akamwambia wakili. "Ningejua hilo, ningejua yote. Silikumbuki."

Wakili alikuwa amepanda mlima kwa sababu aliitwa. Daktari Mwasha alishasema wazi: mapafu yale yamebaki na makovu, na kichomi kitarudi. Huenda mvua zijazo, huenda zinazofuata. Safari hiyo, wawili kwa kumi watakuwa mmoja, au chini ya mmoja. Kwa hiyo karatasi ilihitaji kuandikwa upya, na Bi Nakijwa aliiandika. Safari hii alitaja kiasi: ikiwa daktari ataona hata mmoja kati ya kumi, ajaribiwe siku kumi, kisha aachwe. Lakini wakili akamwambia yale aliyokuwa anayajua tayari. Karatasi haiwezi kuona kila kitu. Siku hiyo kutatokea jambo ambalo hakuna mstari ulioliwaza, na patatakiwa mtu wa kusema.

"Ni lazima awe mmoja?" akauliza Bi Nakijwa.

"Mama, umesoma jalada lako. Ukiandika wawili, tutakutana tena kwa hakimu."

Akawaita wote watatu. Eliamani akasimama mlangoni, Namsifu akakaa kwenye kiti cha dirisha, Nanzia akakaa mkekani. Na Bi Nakijwa, na ile sauti yake ya kutu, akawauliza swali moja, lile lile kwa kila mmoja.

"Ukirudishwa pale pale, siku ile ile, hujui lolote ila lile ulilolijua siku ile, utafanyaje? Eliamani."

"Nitafanya vile vile, mama. Nitatia sahihi."

"Wakati unaniona hapa?"

"Nafurahi kukuona hapa kuliko chochote duniani. Lakini siku ile sikujua utaamka. Nilijua ulichoniambia tu. Siku utakapokuwa huwezi kusema, unataka mtu atakayesema maneno yako, au mtu atakayesema ya kwake? Kama ni yako, niandike mimi. Nilishalipeleka neno lako mpaka mahali ambapo lilinivunja, na sikulipunguza."

"Namsifu."

"Nitafanya vile vile. Nitakwenda mahakamani kwa magoti. Kama si mimi, sasa tungekuwa tumekuzika, na karatasi yako ya kwanza ndiyo ingekuwa imekosea, maana ulishatuambia mwenyewe kuna asubuhi usingetaka kuzikosa. Niandike mimi. Mimi ndiye niliyekuona wewe, sikuiona karatasi."

"Na nikifika mahali nataka kweli kwenda, mwanangu, utaniachia?"

"Sijui," akasema Namsifu. "Sitakudanganya. Sijui kama nitaweza."

"Nanzia, wifi."

Nanzia akatazama mikono yake. "Mimi siwezi kusema vile vile," akasema. "Siku ile ilikuwa siku ile. Nikirudishwa, nitautazama uso wako kwanza. Nakuogesha kila siku. Najua ukikunja paji unaumwa wapi, najua ukivuta pumzi kwa kuchoka na ukivuta kwa hasira. Ukiniandika, huenda nitawaambia wakuweke, huenda nitawaambia wakutoe. Na huenda daktari nikamdanganya tena, nikiona inafaa. Basi."

"Hiyo si ahadi, shangazi," akasema Eliamani.

"Sikusema ni ahadi."

Nje, majani ya migomba yalikuwa yanadondosha maji. Wakili akamshikisha Bi Nakijwa kalamu mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukufaa tena, akamwonyesha mstari mtupu. Bi Nakijwa akawaangalia, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa yale macho yake ya kumtafuta mbuzi wa watu. Mtoto aliyemtii na karibu amzike. Mtoto aliyemuasi na kumpa asubuhi hizi, za utamu na za aibu. Na wifi aliyedanganya ili wote wawili wamkute, ambaye bila uongo wake hakuna ambaye angekuwa na la kufanya.

Basi mimi nimefika kwenye kalamu, na hapo ndipo ninapowaachia. Nimewahi kuisimulia habari hii msibani, watu wakanyanyukiana. Niliisimulia kwenye kikao cha harusi, bibi mmoja akasema Eliamani, na binti yake aliyeketi kando yake akamgeukia akamuuliza, "Kweli, mama?" na hawakuusikiliza tena muziki. Wapo wanaosema Namsifu kabla hata sijamaliza, kwa kuwa mama yu hai. Nawauliza hao: na muuguzi asingedondosha sinia, na siku saba zikazaa saba nyingine, na nyingine, bado mngesema Namsifu? Wapo wanaosema Nanzia, na nikiwauliza kama wao wenyewe wangempa maisha yao mtu asiyeahidi kitu, wanakuna kichwa.

Mstari ni mmoja, jina ni moja, na mvua zinakuja. Haya, semeni: je, nani alistahili kuandikwa?